Paybill imefika, salamu je?

Naandika haya Jumatano ya Wiki Takatifu, tarehe 8 Aprili 2020, makanisa yamefungwa kwa ajili ya korona. Jumapili ya Matawi, Hawe, bibi mzee tunayekaa naye ua mmoja hapa Maweni, Malindi, aliamka alfajiri, akakata kuti lake, akajifunga ile leso ya Bikira Maria akaenda zake kanisani kwa miguu. Akakuta geti lina mnyororo na karatasi imebandikwa. Hawe hajui kusoma. Akamuuliza askari yasemaje, askari akamsomea yote kama ilivyo: Misa zimesimamishwa hadi tangazo lingine, fuatilia Facebook, sadaka tuma kwa simu, M-Pesa, Paybill namba hii.

Hawe akauliza, "Hiyo Fesibuku iko upande gani?"

Aliponihadithia nilicheka. Halafu nikanyamaza, maana hakuwa anatania, alidhani Misa imehamishiwa kigango kingine na angekwenda!

Askari mwenyewe Muislamu. Akamletea kiti, akamnawisha mikono kwa ile ndoo ya getini, akamwambia hata sisi bibi Ijumaa tumefungiwa, tuko sawa. Kuti wakalifunga pamoja kwenye geti. Hiyo ndiyo ibada ya Matawi ya Hawe mwaka 2020, na aliyeiongoza ni askari.

Sasa kabla hamjanirukia. Najua serikali imefunga makanisa na misikiti na haikuwa na budi. Sisi Malindi hatuhitaji kuhubiriwa habari za korona, Wataliano waliokuwa wakitupa kazi wamerudi kwao na meseji wanazotuma kutoka huko si za kusoma usiku, hoteli zimefungwa, nusu ya jumuiya yetu wako nyumbani bila mshahara na leo saa moja jioni kaunti yetu nzima ya Kilifi inafungwa, hatoki mtu haingii mtu. Na padre pia anakula, na stima ya kanisa haijilipi, na yule askari wa geti lazima apewe chake tena mimi ningemuongeza. Haya, nimekubali yote hayo.

Linaloniuma ni kilichotangulia. Paybill ilitufikia mapema sana, imepambwa na maua ya zambarau na mstari wa Maandiko. Salamu bado. Hakuna aliyempigia Hawe hata kumuuliza umeamkaje. Nikauliza kwa grupu ya WhatsApp ya parokia, jamani wazee wasio na simu janja nani anawapigia? Mheshimiwa mmoja wa kamati akanijibu ati Mungu yuko kila mahali, na wasali nyumbani. Sawa mheshimiwa. Mungu yuko kila mahali ila sadaka ndiyo ina namba moja.

Miaka yote tumeimbiwa jumuiya ndogo ndogo, jumuiya ndogo ndogo, kwamba Kanisa lenyewe ndilo hilo la majumbani, na kweli maaskofu wetu wa Afrika Mashariki wamekuwa wakilisukuma tangu miaka ya 70, mimi mwenyewe sijazaliwa. Ukitaka mtoto abatizwe, lete barua ya jumuiya. Unataka ndoa, barua ya jumuiya. Ukifa pia watauliza marehemu alikuwa jumuiya gani. Mwenyekiti wetu ana daftari lina majina yote, nyumba kwa nyumba, na ukimuuliza atakwambia nani hakutoa zaka 2018 na kwa nini. Lakini nani ana simu ya kabambe isiyoshika intaneti, nani anakaa peke yake, nani alikuwa akipelekewa komunyo nyumbani kila Ijumaa ya kwanza na sasa haoni mtu, hayo hayako kwenye daftari! Yaani tumekaa na kanisa la majumbani miaka yote hii na siku tumeambiwa kaeni majumbani tukakimbilia kamera.

Kupiga simu ni shilingi chache. Shangazi yangu yuko Watamu, tunasali Rozari kwa simu, yeye fungu mimi fungu, juzi salio likakata tukiwa fungu la Yesu kutiwa taji la miiba, nikaweka bob kumi tukaendelea. Haikuhitaji kamati.

Na si kwamba naidharau skrini. Ijumaa ile ya tarehe 27 Machi, usiku wa kwanza wa kafyu, nilinunua bando nikamwangalia Papa Francis saa mbili usiku peke yake pale uwanja wa Mtakatifu Petro, mvua yanyesha, hakuna mtu, na ule msalaba wa kale umelowa maji. Nililia kama mtoto. Hawe alikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu, taa yake ya koroboi naiona, na sikumwita. Haikunijia hata kidogo. Kwa hiyo nikisema kamati nijitaje na mimi.

Mambo ya kitubio sitayaingia, Vatikani ilishaeleza tarehe 20 Machi kwamba ukijuta kwa moyo wote na kunuia kuungama utakapoweza, Mungu anakusamehe. Lakini nani amemwambia Hawe? Ana hofu kweli, kila siku ananiuliza akifa kabla ya Pasaka itakuwaje.

Kesho Alhamisi Kuu kuosha miguu kumefutwa, kunawa mikono ndio lazima. Pilato angetupenda sana mwaka huu.

Basi sisi hapa uani tumepanga letu. Milango iko saba, vituo vya Njia ya Msalaba kumi na vinne, kila mlango viwili. Ijumaa Kuu saa tisa mchana kila mtu atasimama kizingitini kwake, hakuna kusogeleana, unasoma kituo chako kwa sauti mpaka wa mwisho asikie, tunaitikia, kinaenda mlango unaofuata. Mama wa Kiislamu wa mlango wa tano kasema atazima redio na watoto wake watakaa kimya, vituo vyake nitavisoma mimi.

Hawe kachagua cha sita, Veronika anampangusa Yesu uso kwa kitambaa, amekishika kwa kichwa tangu usichana wake. Nikamtania, Hawe, mwaka huu hakuna kumpangusa mtu uso. Kaniambia kitambaa anacho, atakishika tu.