Dawa ya kutuliza kinywa isije ikaukinga uvimbe

Shangazi yangu alipofika wiki ya 3 ya kupigwa mionzi ya kutibu saratani shingoni, uji wa ulezi aliozoea kuunywa wa moto aliuacha upoe kabisa, akachota nusu kijiko, akafumba macho, kisha akameza kama anayemeza kaa. Ndani ya mashavu ngozi ilikuwa imebabuka na kufunikwa na utando mweupe. Kwa hiyo siwezi kuwabeza wanaotafuta mitishamba ya kuzuia mateso hayo.

Wachina wamelishughulikia suala hili kwa muda mrefu. Katika jimbo la Guangdong saratani ya koo la juu, nyuma ya pua, imeenea kuliko karibu kila mahali duniani, na tiba yake kuu ni mionzi, ambayo kwa kawaida mgonjwa huipata siku 5 kwa wiki kwa muda wa wiki 6 hadi 7. Waganga wa jadi wa huko huihesabu mionzi kuwa joto lenye sumu linalokausha mwili, nao huagiza mimea ya kupoza, kama vile maua ya jinyinhua, mizizi ya maidong na urukususu. Maelezo hayo sina ugomvi nayo, kwani Tu Youyou alianzia kwenye maandiko ya kale kama hayo alipotafuta dawa ya malaria, akapata tuzo ya Nobel mwaka 2015, na leo dawa mseto tunazomeza zina asili hiyo.

Ninachodai ni kipimo cha haki. Mgonjwa asijue kama anakunywa dawa au kiigizo chake, yaani kinywaji kinachofanana nayo lakini hakina dawa, na kwa mchemsho mweusi, mchungu, wenye harufu kali, kutengeneza kiigizo ni kazi ngumu. Hata hivyo inawezekana: huko Hong Kong, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2007, waganga walimwandikia kila mgonjwa wa kemotherapia, yaani tiba ya dawa kali za kuua saratani, mchanganyiko wake, na bado siri ikatunzwa. Kichefuchefu kilidhibitiwa vizuri zaidi, ila chembe za damu hazikukingwa dhidi ya makali ya dawa hizo.

Kwenye mionzi kuna hatari nyingine, na hapa ndipo ninapokuwa mkali. Mionzi huua seli za saratani kwa kiasi kikubwa kwa kuzalisha chembe haribifu ndani yake, na mimea mingi husifiwa kwa sababu huzizima chembe hizohizo. Nchini Kanada, wagonjwa 540 wa saratani za kichwa na shingo walishirikishwa katika jaribio la vitamini E na beta-karotini, ambazo nazo huzizima chembe hizo, wakati wa mionzi. Matokeo ya mwaka 2005 yalionyesha kwamba waliopewa vyote viwili walipata madhara mepesi zaidi, lakini saratani ilielekea kurudi zaidi katika kundi la vitamini, na baadaye vifo navyo vikawa vingi zaidi katika kundi hilo. Jaribio linalohesabu vidonda vya kinywa kwa wiki 8 tu, kisha likafunga daftari, lisingeliona jambo hilo kamwe. Ndiyo maana nasema kila jaribio la mitishamba ya aina hii liwafuatilie wagonjwa kwa miaka na kuhesabu uvimbe wa saratani uliorudi.

Jirani mmoja, kwa upendo mtupu, alimletea shangazi chupa ya mitishamba iliyochemshwa. Tulimshukuru, tukamweleza daktari, na chupa ikakaa juu ya kabati mpaka siku ya mwisho ya mionzi.