Makaburi Yanayosema

Ugonjwa wangu wa filamu za nje ulianza na Rashomon, ya Kijapani ya mwaka 1950. Humo kuna samurai aliyekwisha kufa, lakini bado anatoa ushahidi wake kupitia mwanamke anayepandisha pepo. Nikavutiwa mno: marehemu naye kapewa zamu ya kusema! Hilo ndilo lililoniponza.

Wiki iliyofuata nikahamia Seven Samurai, ya 1954, ya mwongozaji yuleyule, Akira Kurosawa. Wakulima wamechoshwa na majambazi, wanatafuta wapiganaji saba wa kuwalinda, na ujira ni chakula tu. Ni filamu ya dakika 207. Nakala yangu haikuwa na tafsiri, kwa hiyo nikapakua maandishi ya chini pembeni, nikayabandika, nikajifungia sebuleni usiku peke yangu.

Dakika za mwanzo, shwari. Baadaye nikaona mtu akishafunga mdomo ndipo maneno yake yanatokea. Nikasema hawa wana subira, wanayaacha maneno yapoe kwanza. Kufika saa ya pili, mlima ulikuwa unalalamikia uchache wa mchele. Nami natikisa kichwa: sanaa hiyo.

Vita vilipopamba moto, mtu anaanguka kwenye matope, mvua inamnyeshea, kafa kabisa, halafu maandishi yake yanakuja, anatukana kwa nguvu zote. Nikakumbuka Rashomon. Machozi yakanilenga. Mwisho kabisa wanawake wanapanda mpunga, juu ya kilima kuna makaburi manne yaliyochomekwa panga, na makaburi hayo yanahimizana kushambulia.

Sikulala.

Jumamosi nikawakusanya mke wangu, shemeji na mpwa wangu wa miaka kumi na minne, nikawawekea sehemu ya mwisho. Kabla ya kubonyeza nikatoa hotuba (ndefu kidogo, nakiri) kwamba kwa Kurosawa kifo hakimnyamazishi mtu. Nilitumia neno "falsafa" mara nne. Shemeji alinisikiliza kwa adabu kubwa.

Samurai wa kwanza akafa, akaanza kuongea.

"Mnaona?" nikanong'ona.

"Mjomba," mpwa akasema, "maandishi yamechelewa."

Nikamwambia anyamaze, sanaa haina haraka. Akaichukua kompyuta mapajani, akapekua. Nakala yangu, kumbe, ilikuwa inakimbia picha 25 kwa sekunde, na maandishi yalitengenezwa kwa filamu ya picha 24. Kila saa moja yanabaki nyuma dakika mbili na nusu. Kwa urefu ule, mwishoni yalikuwa nyuma dakika nane na ushee. Yule mtu hakusema baada ya kufa. Alikuwa amesema zamani, akiwa mzima wa afya, mimi ndiye niliyepata habari akiwa maiti.

Mke wangu alitoka kwenda chumbani. Kicheko chake kilitufikia bila kuchelewa hata sekunde moja.

Mpwa akarekebisha, tukaitazama upya. Ilikuwa nzuri zaidi, sitaki kusema kwa kiasi gani. Hata ule mwisho kumbe una maneno yake wenyewe, ambayo mimi sikuwahi kuyaona. Mkuu wa samurai akasimama karibu na makaburi, akafungua mdomo, na maandishi yakatokea palepale.

Shemeji akanigeukia, bado na adabu yake ileile.

"Shemeji, na huyu amekufa lini?"