Msimpe Jukwaa, Mpeni Ajira

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja wa kazini aliambiwa mkataba wake umefika mwisho na hautaongezwa. Kabla wiki haijaisha akapigiwa simu, akaombwa azungumze kwenye kongamano la wanawake na teknolojia, awaeleze wasichana wa vyuo namna alivyofanikiwa. Aliyempigia hakuwa na habari ya mkataba, simlaumu. Ila tangu nilipoambiwa nimeshindwa kunyamaza, maana hapa Dodoma nimeliona jambo hili mara nyingi mno, na kila likitokea linaondoka na mtu tunayemhitaji.

Kazi yake ilikuwa kuchora ramani ya njia za daladala. Wapo wanaodhani hiyo ni kazi ya kukaa mbele ya kompyuta chini ya kiyoyozi. Unapanda Hiace pale Sabasaba, simu mkononi inarekodi mnakopita, na kila abiria akisema "shusha" unaweka alama: ni wapi, saa ngapi, wameshuka wangapi, wamepanda wangapi. Vituo vingi havina kibao. Majina yake yako midomoni mwa makonda: Transfoma, Kwa Fundi, Kwenye Mti. Konda mmoja wa Nkuhungu alipoelewa dada huyu anafanya nini, akaanza kumtajia vituo kabla gari halijafika, na alipokosea akamsahihisha. Jioni ndipo kompyuta inapoingia. Anasafisha mistari iliyoyumba, anapanga njia, vituo na muda katika faili zenye muundo ulioanzia Portland, Marekani, mwaka 2005, ambao leo programu za ramani duniani kote zinausoma. Nairobi walifanya hivyo kwa matatu, na mwaka 2014 wakaiachia data yao itumiwe na yeyote.

Sasa, katika faili zake mna Transfoma mbili. Moja iko njia ya Nkuhungu, nyingine Nzuguni. Yeye hawezi kuzichanganya, kwa sababu zote mbili ameshuka na kusimama hapo juani. Anajua pia kwamba mvua ikinyesha korongo likajaa, gari linazunguka, na watu wa mtaa wa katikati wanatembea. Hayo hayamo kwenye jedwali lolote, yamo kichwani mwake. Akiondoka, ofisi inabaki na faili. Anakuja mwingine wa mkataba wa miezi mitatu, anaona jina limejirudia, anaziunganisha Transfoma kuwa moja, na kuanzia siku hiyo ramani inadanganya. Baadaye mkubwa fulani anasema data hizi haziaminiki, tuanze upya. Na tunaanza upya kweli, kwa fedha mpya, kwa binti mpya.

Hasira yangu iko hapo. Tunawafundisha mabinti, tunawapiga picha, tunawapa vyeti, halafu kazi yenyewe hatuiwekei kiti ofisini.

Na tusidhani namwombea mwanamke huruma. Dodoso alilopewa wakati anaanza lilikuwa na swali moja kubwa: "Safari yako kuu ya siku ni ipi?" Mwanamume wa Ilazo anayefanya kazi Mtumba anajibu mara moja, nyumbani hadi kazini. Mama wa Nkuhungu anakwama. Asubuhi kampeleka mtoto shule, kapita kituo cha afya Makole kuchukua dawa za mama mkwe, kaenda Soko la Majengo, karudi kwenye genge lake. Safari kuu ni ipi hapo? Karani anaandika "sokoni", na safari nyingine zote zinafutika. Profesa Inés Sánchez de Madariaga wa Madrid alizipa safari za namna hii jina, safari za matunzo, akaonyesha kwamba takwimu za usafiri huzipoteza kwa sababu tu ya namna zinavyohesabiwa. Mdogo wangu alilibadilisha swali. Akaandika: "Jana ulipita wapi na wapi?" Sentensi moja, na mama wa Nkuhungu akaonekana kwenye data.

Kuonekana huko ni suala la fedha. Daladala zetu hazina tiketi ya kuunganisha. Kila ukipanda gari jingine unalipa nauli upya, hata kama umeshuka dakika kumi tu kumwacha mtoto getini. Anayekwenda moja kwa moja kazini na kurudi analipa mara mbili kwa siku. Mama huyu analipa kila anapokatisha safari kwa ajili ya watu wengine. Ukipanga mabasi ya mji huu bila kulijua hilo, umempangia yule wa Ilazo peke yake.

Inaniuma zaidi kwa sababu Dodoma ilianza na fikra nzuri. Mpango mkuu wa mwaka 1976, ulioandaliwa na kampuni ya Toronto kwa ajili ya CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, uliweka watembea kwa miguu na mabasi mbele ya magari binafsi. CDA ilivunjwa 2017. Wilaya ya mjini ilikuwa na watu 410,956 kwenye sensa ya 2012. Sensa ya 2022 ikahesabu 765,179. Treni ya SGR inatufikisha Dar es Salaam kwa kasi ya hadi kilomita 160 kwa saa, na ninaifurahia kila ninapoipanda. Lakini mgeni akishuka hapa, hana njia ya kujua daladala gani inamfikisha Swaswa ila kwa kuuliza watu.

Nitaambiwa vijana wa kiume nao mikataba yao inaisha. Ni kweli. Nitaambiwa pia makongamano yana faida, na hili nalikubali kwa shingo upande, maana mafunzo ya aina hiyo ndiyo yaliyonifungulia mlango mimi. Lakini mtu hapangi nyumba kwa cheti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi. Mkataba wa miezi mitatu utaiweka wapi likizo hiyo? Nawafahamu wenzangu waliobeba mimba wakaacha kabisa kuuliza kama mkataba utaongezwa, na leo wana maduka ya vifaa vya simu. Sidharau duka. Nasikitikia ujuzi uliopotea.

Na tusiseme nafasi zipo. Zilizopo ni Ofisa TEHAMA, Mhandisi, Ofisa Mipango Miji. Ukimweka TEHAMA ataitwa kutengeneza printa kila asubuhi. Mhandisi anashika barabara, mwenye mipango miji anashika viwanja. Abiria hana mtu.

Barabara ya mzunguko wa nje, ile ya kilomita 112, inapita Mtumba, Veyula, Nala na Matumbulu. Daladala zitaifuata, kama zilivyoifuata serikali ilipohamia Mtumba, na ramani tuliyonayo itachakaa. Lazima mtu apande tena yale magari, aulize tena watu jana walipita wapi na wapi, na awepo mwaka unaofuata kuulizwa maswali juu ya majibu hayo. Nafasi hiyo iingizwe kwenye ikama ya jiji, yaani orodha ya nafasi za watumishi wake, ipewe ngazi ya mshahara, itangazwe hadharani, na miaka ya mikataba midogomidogo ihesabiwe kuwa uzoefu kwa kila atakayeiomba.