Kianzio: nusu ya bei, au bei ya mbao?

Kila anayejiajiri, awe seremala, fundi cherehani, mchora nembo au mfasiri, amewahi kupewa ushauri huu: usiguse kazi ya mtu kabla hajatanguliza nusu ya bei. Wateja nao wana wosia wao, ambao wengi wetu tuliupata kwa mama na shangazi: usimpe fundi hela kabla hujaona kitu. Maneno haya yanapingana, na kila upande umeyapata kwa hasara ya kweli, kwa hiyo haitoshi kusema kwamba wateja ni wakorofi au kwamba mafundi ni waongo. Ninavyoona mimi, niliyewahi kukaa pande zote mbili za meza, kianzio ni haki na katika kazi nyingi ni lazima, lakini ile nusu tunayoitaja kwa mazoea haina hesabu yoyote nyuma yake, na madhara huanzia hapo.

Tuanze na seremala, kwa sababu kwake hoja ya kianzio ina nguvu kuliko kwa fundi mwingine yeyote. Ukipita Keko, Dar es Salaam, utaona vitanda, makabati na makochi yamepangwa hadi kando ya barabara, na ni rahisi kudhani kwamba kila mwenye karakana ana mtaji mkubwa. Wengi hawana. Muuza mbao anataka taslimu, benki inataka dhamana, na mikopo ya simu ni midogo, ya muda mfupi na ghali. Anayebaki kumkopesha seremala, bila riba na bila dhamana, ni mteja wake. Tuseme kitanda cha mninga kimepatanwa kwa shilingi 800,000, na mbao, gundi, misumari, msasa na vanishi vinagharimu 380,000. Seremala akianza bila kutangulizwa chochote, kisha mteja akaghairi wiki ya pili, atabakiwa na kitanda cha vipimo vya chumba cha mtu mwingine, na deni la mbao juu yake. Hakuna ushauri wa kujituma wala wa kuamka alfajiri unaoweza kuziba pengo hilo.

Basi mteja ametanguliza nusu, yaani 400,000. Sasa tuifuate baada ya kuingia mkononi mwa seremala. Mwenye fremu anadai kodi ya miezi miwili, mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya mchango wa shule, na kwenye benchi la nje amekaa mteja wa mwezi uliopita ambaye kabati lake halijaanza, kwa sababu kianzio chake kililiwa. Basi fedha ya kitanda inanunua mbao za kabati. Kitanda kitangoja kianzio cha meza, na mwenye meza hatajua kwamba amelipia kitanda cha mtu asiyemfahamu. Kuanzia hapo seremala anafanya kazi ambayo malipo yake yamekwisha: anapiga randa kutwa nzima na jioni harudi na kitu, kwa hiyo moyo unamvuta aipokee kazi mpya, yenye hela ya leo, na ile ya zamani aisogeze pembeni. “Njoo kesho” huzaliwa hivyo. Watu husema ni tabia mbaya, na mafundi wenye tabia mbaya wapo. Lakini nimewaona watu waaminifu, wasiodaiwa hata sabuni dukani, wakizungusha wateja miezi mitatu kwa sababu hii tu.

Kwa fundi cherehani hesabu ni nyingine kabisa. Kitambaa kinaletwa na mteja, na gharama ya fundi kabla ya kushona ni uzi, zipu, vifungo na pengine bitana. Nusu ya bei ya mshono haiwezi kuitwa pesa ya vifaa. Ni pesa ya nafasi kwenye foleni. Ingia chumba cha fundi yeyote katika kumi la mwisho la Ramadhani uone vitambaa vilivyofungwa mafurushi madogo chini ya meza na juu ya kabati, kila furushi likiwa na kikaratasi kilichobanwa kwa pini, chenye jina, vipimo na tarehe ileile ya siku moja kabla ya Idi. Fundi anayeweza kumaliza magauni matatu kwa siku hawezi kumaliza zaidi ya thelathini kwa siku kumi, naye anajua, lakini gauni la thelathini na moja lilikuja na hela mkononi, na la arobaini vilevile. Hapo kianzio kinamficha fundi ukweli wa uwezo wake mwenyewe.

Hata hivyo, siwezi kumshauri akiache. Mteja ambaye hakutanguliza kitu mara nyingi harudi, hasa sikukuu ikishapita, na gauni lililokatwa kwa kifua na kiuno cha mtu mmoja haliuziki kwa mwingine. Karibu kila fundi ana msumari ukutani wenye nguo zilizosahaulika, na kila moja ni siku ya kazi isiyolipwa. Kwa hiyo kwa fundi cherehani napendelea kianzio kidogo, cha kumfunga mteja tu, pamoja na daftari lenye idadi ya mwisho ya mishono kwa kila wiki. Idadi ikitimia, mteja wa ziada aambiwe tarehe ya kweli hata kama atakwenda kwa jirani.

Ugumu zaidi uko kwa wanaouza muda na akili: mchora nembo, mhariri wa video, mfasiri. Hawanunui mbao, na mteja huwauliza waziwazi hiyo nusu ni ya nini. Jibu ni kwamba kazi yao ikishaonekana imeshachukuliwa. Nembo iliyotumwa kwenye simu ili “iangaliwe kwanza” inaweza kuwa kwenye bango kesho yake. Niliwahi kutafsiri waraka wa kurasa themanini kwa ofisi moja bila kutangulizwa senti, nikalipwa miezi sita baada ya kuukabidhi, na kodi ya nyumba kwa muda huo nililipa kwa kukopa. Lakini lazima pia niseme kwamba taasisi nyingi kubwa hulipa kwa taratibu zao, kazi ikiwa imepokelewa na hati zimesainiwa, na anayeng’ang’ania nusu kwao ataikosa kazi yenyewe. Kwao ni afadhali kuomba malipo kwa awamu, kila sehemu ikikabidhiwa. Nchini Kenya kuna pia Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Aprili 2021 chini ya sheria ya 2016, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Ila mahakama hutaka ushahidi, na ujumbe wa muamala wa simu hutaja kiasi, jina na saa. Hautaji fedha ililipia nini.

Hilo linatuleta kwenye swali ambalo pande zote mbili huliepuka siku ya kupatana: mteja akighairi, kianzio ni cha nani? Kwa Kiswahili cha pwani fedha hii iliitwa arubuni, neno lililotoka Kiarabu, na wanazuoni wa sheria ya Kiislamu walibishana juu yake kwa karne nyingi. Wengi wao, wakiwemo wa madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo ya wengi pwani yetu, waliona muuzaji hana haki ya kuila fedha ambayo hakutoa kitu badala yake. Madhehebu ya Hanbali yaliruhusu, na mwaka 1993 Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililokutana Brunei nalo liliruhusu, kwa sharti kwamba muda wa kungoja uwekwe mpaka. Mimi naona hoja za pande zote mbili zinakutana kwenye karakana. Iliyokwisha kuwa mbao ni ya seremala, kwa sababu ametoa kitu. Ambayo bado iko mfukoni mwake irudi. Lakini hilo haliwezekani ikiwa kianzio ni “nusu” isiyo na jina. Linawezekana ikiwa siku ya kupokea fedha seremala anaandika mistari miwili kwenye karatasi au kwenye simu: “Nimepokea 380,000 za mbao na vifaa vya kitanda cha futi tano kwa sita. Mbao zikishakatwa, fedha hii hairudi.” Mteja akisoma hivyo atataka kuziona hizo mbao wiki ijayo, na ana haki ya kuoneshwa.