Sauti ya Mpiga Ngoma: J Dilla katika Welcome 2 Detroit

Miongoni mwa vijana wanaorekodi muziki Kisauni na Majengo, hapa Mombasa, kuna ubishi usiokwisha: je, prodyuza aliyebobea katika kutengeneza biti ashike maikrofoni na kughani mistari yake mwenyewe, au awaachie waliojaliwa ulimi? Mara nyingi ubishi huo huangukia albamu moja, Welcome 2 Detroit ya J Dilla, prodyuza wa hip-hop wa Marekani, iliyotoka mwaka 2001, na jambo la ajabu ni kwamba wanaoipenda na wasioipenda huitumia albamu hiyo hiyo kuwa ushahidi wao. Baada ya kuisikiliza upya, naona kuwa sauti ya mtu huyu ilistahili kuwemo humo, ila mengi katika maneno yake hayakustahili, na kwamba wabishi wetu wanayachanganya mambo haya mawili.

James Yancey, ambalo ndilo jina lake halisi, alizaliwa Detroit mwaka 1974. Kufikia albamu hii alikuwa amekwisha kujenga sauti ya kundi lake la Slum Village, alikuwa ameshirikiana na Q-Tip wa kundi la rapu la A Tribe Called Quest, na alikuwa ametengeneza sehemu kubwa ya albamu ya mghani Common ya mwaka 2000, Like Water for Chocolate. Kampuni ya muziki ya BBE ya London ilipoanzisha mfululizo wa albamu za maprodyuza, yeye ndiye aliyefungua njia. Nyimbo ni 16, na ndani yake mna rapu ya mitaani, mna bosanova ya Kibrazili, mna upigaji upya wa African Rhythms wa kundi la Oneness of Juju, na mna wimbo ulioegemea muziki wa mashine wa Kraftwerk kutoka Ujerumani. Si prodyuza yeyote angethubutu kuviweka vyote hivi chini ya paa moja.

Kinachovishikanisha ni ngoma. Mashine aliyoitumia sana, Akai MPC3000, ina uwezo wa kusogeza kila pigo likae sawasawa mahali pake, na maprodyuza wengi huuachia uwezo huo ufanye kazi bila kufikiri. Dilla aliuzima alipotaka. Pigo zito la chini huchelewa kidogo, matoazi hukaa wima, na pigo kali la juu huja wakati mwingine kabla sikio halijalitarajia, hata msikilizaji akahisi kwamba muda wenyewe una mwendo mbili kwa pamoja. Msikilizaji wa Mombasa hana haja ya kufundishwa hisia hiyo. Aliyekulia karibu na harusi zetu ameisikia katika chakacha, ambamo mapigo sita yanaweza kushikwa kama mawili ya tatutatu au matatu ya mbilimbili, na mchezaji hodari huacha kiuno kifuate hesabu moja ilhali miguu inafuata nyingine. Sisemi kwamba Detroit ilichota kwetu. Nasema kwamba sikio letu lina mlango wa kuingilia albamu hii ambao wasikilizaji wengi wa kwingineko hawakupewa.

Hata hivyo, sikio hilo hilo lina kipimo kingine, nacho ni kikali. Huu ni mji wa mshairi Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, ambaye tungo zake za vita, mapenzi na mafumbo ya wakubwa bado zinanukuliwa. Mtu aliyelelewa kwa vina, mizani na fumbo lenye kina, akiketi na mistari ya Dilla atakuta majigambo, fedha, magari na wanawake waliotajwa bila heshima, yote kwa msamiati mwembamba unaojirudia. Wanaosema kwamba hakuwa mshairi wana haki. Katika wimbo kama Pause, alioufanya pamoja na waghani Frank-n-Dank, hakuna wazo ambalo mtu angelibeba hadi nyumbani, na sioni sababu ya kulifunika pengo hilo kwa hoja kwamba ni muziki wa kilabu. Muziki wa kucheza nao huweza kuwa na maneno ya maana, na taarabu yetu imelithibitisha hilo tangu zamani.

Lakini tazama jinsi anavyoyatamka maneno hayo membamba. Hatangulii mbele ya biti kama mghani anayetaka kusikilizwa. Hujipenyeza ndani yake. Hukata sentensi pale ngoma inapotoa pumzi, hurudia neno moja hadi ligeuke pigo, kisha huliangusha kwa uchelewesho ule ule alioupa mkono wake kwenye mashine. Mghani mwingine mwenye mistari bora angeikanyaga nafasi hiyo kwa sababu hakuijenga yeye. Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba Dilla angenyamaza kabisa, nauliza ni nani angeisoma ngoma ile kwa uhakika kama mwenyewe. Hata katika Think Twice, wimbo wa mwanamuziki wa jazi Donald Byrd alioufanya upya, anaimba kwa sauti ya kawaida isiyo na ufundi mkubwa, na upole wake ndio unaoupa wimbo uhai.

Hapa taarabu ya Mombasa inatupa mfano ulio karibu. Marehemu Juma Bhalo aliimba tungo nyingi za malenga Ahmad Nassir, na hakuna aliyemwona mwimbaji amepungukiwa kwa sababu maneno yalitoka kwa mwingine. Zein l'Abdin naye alipiga udi na kuimba mwenyewe, akachukua mashairi ya watunzi waliomtangulia. Kazi ni tatu: kupiga, kutoa sauti na kutunga. Dilla alikuwa bingwa katika ya kwanza, alitosha katika ya pili, na ya tatu ilimshinda. Nadhani alilijua hilo kwa kiasi, kwani Come Get It alimpa nafasi Elzhi, kijana wa Detroit mwenye mistari iliyofumwa kwa uangalifu, na wimbo mwingine akaukabidhi kwa Phat Kat, mwenzake wa zamani, hata jina la wimbo likawa la mgeni. Katika nyimbo hizo biti haikupoteza chochote na maneno yalipata uzito.

Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu ya hali ya studio zetu, ambazo nyingi ni chumba kimoja, kompyuta moja na mtu mmoja. Prodyuza hulipwa kwa wimbo, wimbo ukivuma jina linalotajwa ni la mghani, na ni haki yake kutamani sauti yake isikike. Sitamlaumu kwa kutamani. Ila katika chumba cha mtu mmoja hakuna wa kumwambia kwamba ubeti wa pili hauna kitu, na Dilla, pamoja na kipaji alichokuwa nacho, hakuwa na mtu huyo katika nusu ya albamu hii. Aliyekuwa na nia ya kumfuata aanze na Come Get It kisha Think Twice, asikilize wapi alisogea kando na wapi alibaki, ndipo aamue mistari ya kwake aiandike nani.