Sikufungwa, Nilijifunga

Kwanza tufute uongo. Sikuiba baiskeli, sikukamatwa, wala hakuna mtu aliyenifunga kamba Jaws Corner, pale wanywapo kahawa Mji Mkongwe wa Zanzibar. Sahibu yangu mmoja, ambaye hata hakuwapo, keshaitangaza hadithi yake kuanzia Darajani mpaka Fumba, na muuza urojo kaniuliza kama nimetoka kwa dhamana. Basi nami nisikilizwe, goti bado bichi.

Baiskeli yenyewe ni ya mbio, ya zamani, ya kijani. Ilikuwa Kikwajuni, uwani kwa bi mkubwa mmoja, inaanikiwa nguo, imepakwa rangi ya mlango mpaka kwenye pedeli. Mnaosema ni Phoenix iliyopindwa usukani, tulieni. Phoenix ya kwetu ina breki za fito. Hii ina breki za waya, na vishikio viwili vya gia vimekaa kwenye bomba la chini, ambako mkono lazima uachie usukani ndipo uvifikie. Kumbukeni hilo la mkono.

Stika za kutaja aina ya fremu hazikuwapo. Hata zingekuwapo nisingeziamini, maana stika hubandikwa na yeyote. Nikaanza na nguzo ya siti, na hapo nusura nikate tamaa. Nguzo ni ya alumini, imo ndani ya bomba la chuma, na hewa yetu ya chumvi ikishaingia, viwili hivyo hung'ang'aniana kama warithi na nyumba ya marehemu. Mafuta hayafui dafu, kwa sababu kinachoshika ni ule unga mweupe wa alumini iliyooza. Amonia ndiyo huula. Nikafungua krenki, ile mikono ya pedeli, nikaipindua fremu kichwa chini, nikamimina amonia kupitia tundu la krenki, nikaacha ilale. Asubuhi ikatoka kwa kuzungushwa. Fanyieni uwani, si chumbani, kama hamtaki talaka.

Kalipa, kipimo cha unene, ikasema nguzo ni milimita 27.2. Hapo moyo ukaruka, kwa sababu hiyo ndiyo saizi inayokuja na fremu za Reynolds 531, chuma cha Birmingham kilichotiwa manganizi na molibdeni, kilichoanza 1935, mabomba yake manene kwenye ncha na membamba katikati. Bomba la kawaida lina kuta nene zaidi, na nguzo yake huwa 26 na kitu. Lakini Columbus ya Italia nayo hutumia 27.2, kwa hiyo msishangilie mapema. Pimeni upana wa pale krenki zinapopita. Yangu ni milimita 68, na kikombe cha beringi cha upande wa cheni kilifunguka kwa kuzungushwa mwendo wa saa. Huyo ni Mwingereza. Mwitaliano angekuwa 70, na angefunguka kinyume chake. Mkikosea mwelekeo hapo na spana ndefu mkononi, mtakuwa mnakaza huku mnadhani mnafungua, na uzi wa ndani ukishaliwa fremu imekufa. Nikachungulia na bomba la uma kwa ndani. Columbus nyingi za mbio zina mistari ya kupindapinda mle. Langu laini tupu.

Gia ya nyuma, nilipoikwangua rangi, ikatoka Campagnolo Nuovo Record, gia ya mbio, imegongwa PATENT-73, yaani 1973. Hiyo ni tarehe ya gia, siyo ya fremu. Gia hubadilishwa. Ila vikikubaliana vyote, mtu ana haki ya kujisikia.

Nami nilijisikia. Nikaitembeza mjini baada ya sala ya alasiri, saa ambayo hakuna kibaraza kitupu.

Sasa tairi. Tairi za baiskeli hii si za kuingiza ukingo ndani ya ringi. Ni za kushonwa: mpira wa ndani umeshonewa humo humo, na mzigo mzima unagandishwa juu ya ringi kwa gundi yake maalumu. Gundi ikizeeka inakauka, inapasuka, inakuwa unga. Zilipojaa upepo, paundi 100, zilikaza kama mpya, zikanipumbaza. Upepo hushikilia tairi ukienda moja kwa moja. Ukikata kona, ringi inasukuma upande huu, barabara inasukuma ule, na kinachotakiwa kuamua ni gundi. Majaribio yake ni rahisi mno: toa upepo, sukuma tairi kwa vidole gumba pembeni. Kitambaa cha chini kikinyanyuka, usipande. Sikusukuma, wallahi.

Na pedelini kuna vizimba vya chuma vya kuingiza vidole, na mikanda ya ngozi yenye bizimu. Ukivuta mkanda, mguu hautoki mpaka uinamie ubonyeze bizimu kwa mkono. Niliivuta yote miwili. Kwa ajili ya picha.

Nikatokea Jaws Corner nikitokea Mkunazini, nikiwa nakata kona ya kulia, na mkono mmoja kwenye gia. Nikasikia *chrrr*, mfano wa turubai linachanwa. Tairi ya nyuma ikateleza nje ya ringi, taratibu, kwa adabu, ikaenda kujisokota kati ya gurudumu na fremu. Gurudumu likasita. Ringi tupu ikakwaruza sakafu ya njia, vikombe vya kahawa vyote vikanyamaza. Baiskeli ikasimama wima. Wima kabisa, yakhe! Nikapata muda wa kuona nyuso. Nikapata muda wa kusema "Assalaamu alaykum." Wakaitikia. Ndipo nikataka kuteremsha mguu wa kushoto, na mguu ukakataa.

Nikataka wa kulia. Nao ukakataa.

Nikaanza kuinama upande wa kushoto, pole pole, mikono ikitafuta bizimu, na bizimu ziko chini, na chini ndiko ninakokwenda. Mbele yangu meza ya dhumna. Mzee mmoja kanyanyua kete juu, ile ya kugonga kwa kishindo, ya ushindi. Akaniona naja. Hakuishusha. Mpaka leo naiona ile kete hewani, nami nasema "Samahani, mzee, samahani," huku bega langu linafagia mchezo wote.

Kimya. Mie chini, baiskeli juu yangu, miguu imo vizimbani bado inazunguka. Mzee akainama akanitazama miguu, akatazama mikanda, akauliza kwa upole, "Kijana, nani kakufunga?"

"Nimejifunga mwenyewe, mzee."

Haikusaidia. Kwa ukumbi mzima nikawa ama mwizi ama mgonjwa. Mtoto wa skuli ndiye aliyenifungua, na alicheka mpaka akakosea mguu.

Nililipia kahawa, nikabeba baiskeli begani, nikaenda zangu.

Kwa mnaouliza tairi: za kushonwa nazing'oa. Habu, vile vitovu vya magurudumu, zina matundu 36, nitasuka ringi za milimita 622 za tairi zisizoshonwa juu yake, na breki zinafika bila taabu. Mkienda dukani msiombe "ishirini na nane" peke yake. Tairi la Phoenix huitwa 28 na ukingo wake ni 635. La mbio nalo huitwa 28 na ni 622. Soma ubavuni namba iliyo baada ya kistari, maana milimita 13 hazisukumwi na gumba la mtu. Na atakayebaki na za kushonwa, asafishe ringi, apake gundi nyembamba mara mbili, ringi na tairi, kila safu ikauke usiku kucha, kisha apake ringi safu nyembamba ya mwisho, aivishe tairi gundi ingali inanata, na aisubirie siku nzima kabla ya kukata kona yoyote.

Yule mzee anadai raundi ile ilikuwa yake, na anataka ihesabiwe. Kila nikipita sasa, hata kwa miguu, anakusanya kete zake kwanza ndipo anaitikia salamu.