Breki ni Breki, Alisema Shemeji

Jirani yangu ana SUV ya kisasa, na ana shemeji. Kati ya hao wawili, anayenipa kazi nyingi si gari.

Nilikuwa nimeitwa kubadilisha pedi za nyuma. Zilikuwa zinakwaruza, na ya ndani upande wa kulia ilibaki na milimita 2, wakati mimi ikifika 3 siisubiri tena. Nikafika na mashine yangu ya kusoma kompyuta ya gari mkononi, nikakuta tairi limeshatolewa na shemeji amechuchumaa mbele ya diski, mikono ya shati imekunjwa mpaka kwapani. Kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, alikuwa amelifungua na kuliacha linaning'inia kwa mpira wake unaopitisha mafuta ya breki.

"Nishikie tochi tu, fundi. Breki ni breki."

Nilitafuta waya nikalifunga kalipa kwenye springi, maana ule mpira haukutengenezwa kubeba mzigo. Ukipasuka kwa ndani hutauona. Kisha nikauliza: "Umeliweka gari kwenye hali ya matengenezo?"

"Gari liko kwenye hali nzuri kabisa."

Sasa, kalipa la handibreki ya umeme, kama la gari hili, lina mota ndogo mgongoni. Mota huzungusha hesi, yaani skrubu, hesi husogeza nati iliyo ndani ya pistoni, nati husukuma pistoni, pedi zinabana. Ukibonyeza swichi kuachia, nati inarudi nyuma kidogo tu, kiasi cha kuruhusu diski izunguke. Pedi mpya, zenye unene wa milimita 10 hivi, haziwezi kuingia mpaka pistoni irudi ndani kabisa, na haitarudi kama nati bado imesimama nyuma yake. Hali ya matengenezo ndiyo hiyo: mashine inaiamuru mota iivute nati mpaka mwisho. Ni dakika moja, ila betri iwe na chaji ya kutosha, kwa sababu umeme ukipungua katikati mota inasimama njiani.

Nilimweleza yote hayo. Alisikiliza kwa heshima, halafu akachukua koleo na kuanza kuizungusha pistoni.

Kwa kumtetea, yako makalipa ya handibreki ya kamba ambayo pistoni yake hurudishwa hivyo, kwa kuzungushwa huku inasukumwa. Hii yetu husukumwa moja kwa moja. Alizungusha, ikazunguka, hata unywele haikuingia. Kilichosogea ni mpira wa kuzuia vumbi kwenye pistoni, ambao ulijikunja, kisha ukachanika.

Akadai klampu, ya kuibana pistoni irudi kwa nguvu. Sikumpa. Akaitoa kwenye begi lake mwenyewe, akakaza. Ndani ya kalipa kitu kikasema *kak*.

"Imeingia!" alisema.

Haikuwa imeingia.

Kilichofuata kilisababishwa na mtoto. Ili kuachia handibreki, shemeji aliwasha umeme wa gari na kuuacha hivyo, na mtoto wa jirani alikuwa kiti cha dereva akifurahia redio. Mama yake akamwita. Ni mtoto mwenye adabu: akazima gari kabla ya kushuka. Magari mengi ya aina hii, ukizima tu, handibreki hujifunga yenyewe. Mota ikalia *zzzzz*, ikaitafuta diski ya kubana. Diski haikuwepo mbele yake. Kompyuta hujua breki imefunga pale umeme unaovutwa na mota unapopanda kwa sababu pedi zimegoma. Hapa hakuna kilichogoma, basi mota ikaendelea kusukuma.

Pistoni ilitoka taratibu, kwa heshima zote, ikatua mapajani mwa shemeji, na mafuta ya breki yakaifuata.

"Fundi," alisema bila kusogea, "hii kitu imenizalia."

Nilimrushia maji kabla sijamjibu, yeye kwanza na bodi baadaye, kwa sababu mafuta hayo hula rangi. Alilalamika kwamba maji ni ya baridi.

Kalipa hilo halikuwa na maisha tena. Lilikuja jipya na mota yake. Upande wa pili tuliingia kwa njia ya kistaarabu: chaja kwenye betri, mashine ikavuta nati zote mbili, pistoni ikasukumwa polepole huku nikichungulia chupa ya mafuta isifurike. Pini ambazo kalipa huteleza juu yake nilizipaka grisi ya silikoni, kwani ya kawaida huvimbisha mpira. Diski nilizipima: bado zilikuwa juu ya kiwango cha chini kilichopigwa chapa kwenye diski yenyewe. Tukatoa hewa kwenye mafuta ya breki, tukapampu pedali mpaka ikawa ngumu, na hapo tu ndipo nikaiambia kompyuta itoke kwenye matengenezo na mota zijipime upya.

Barabarani nilizizoesha pedi mpya na diski: kutoka kilomita 60 kwa saa kushuka mpaka 10, bila kusimama kabisa, kisha kuziachia zipoe kabla ya kurudia. Shemeji alikaa nyuma, juu ya mfuko wa plastiki.

"Na breki za mbele," aliuliza, "nazo zina mota?"

"Hapana. Gari hili, za nyuma tu."

"Basi hizo niachieni mimi."

Jirani alichomoa funguo tukiwa bado hatujaegesha vizuri.